Jinsi Fundi Pindo Alivyomnyoosha Kiroboto Miguu

Enyi mlioketi na mliosimama, wenye viatu na wenye ndala, sogezeni viti, zimeni redio, na yule anayetafuna atafune upande mmoja ili sikio la upande wa pili libaki na kazi! Siwaiti kwa habari ya vita vya wafalme. Hizo kila mwenye mdomo anazisimulia. Nawaita kwa habari ya boliti nne, nati mbili, uzi mweupe wa kushonea, na nusu inchi. Na huyo aliyecheka aliposikia nusu inchi, namwona, amekaa kule nyuma, hajawahi kuvaa suruali iliyopungua nusu inchi kiunoni siku ya harusi ya watu. Anyamaze, asikilize.

Palikuwa na mtu akiitwa Fundi Pindo, Simba wa Sindano, Bwana wa Tepu Shingoni, ambaye koti likitoka mikononi mwake lilikaa vizuri hata kwa mtu asiyekaa vizuri. Alikuwa na chumba cha kazi kinachotazama barabara, na ndani yake cherehani ya miguu, nyeusi, nzito, yenye pedali ya chuma iliyolika katikati kwa unyayo wake. Hebu fikirini, waungwana: miaka ishirini na miwili mtu anakanyaga. Saa mbili asubuhi anakanyaga, saa sita anakanyaga, alasiri anakanyaga, na jioni akisimama yuko palepale, mbele ya dirisha lilelile, akitazama wenzake wanavyokwenda zao. Mama mkwe wake, mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke wa hesabu tangu tumboni, siku moja alichukua penseli akampigia mahesabu ya safari hiyo, akapata kwamba mkwe wake amekwisha kanyaga masafa ya kuizunguka dunia mara moja na robo.

"Na hujafika hata sokoni," akamwambia.

Watu walicheka, naye Fundi Pindo alicheka pamoja nao, lakini neno lile lilimwingia likakaa. Mwaka uleule akamleta nyumbani Kiroboto.

Kiroboto! Mwekundu wa Hasira, Mrukaji wa Matuta, Mfupi Asiyeogopa Malori! Alikuwa wa ile jamii ya magari madogo yenye mlango mkubwa nyuma, ambayo ukiyaona kwa mbali unadhani ni ya kupelekea watoto shule, kumbe walioyaunda waliyatia injini kubwa kuliko adabu yao. Alikuwa amepita mikononi mwa mabwana watatu, rangi imempauka kwenye boneti, na mlango mmoja haukufungwa mpaka ubembelezwe. Lakini akiwashwa, dirisha la fundi lilitetemeka, na moyo wa fundi nao ukatetemeka. Jioni moja kila wiki alifunika cherehani, akaketi nyuma ya usukani, akakanyaga, na ajabu ya maajabu, alipokanyaga alikwenda! Mkewe alimwona akirudi kutoka kwenye safari hizo akitabasamu peke yake.

Sasa basi, shujaa huyo mwekundu alikuwa na kasoro moja, nayo haikuwa ndogo. Hakupenda kona. Ukifika penye kona, usukani ulizunguka, mikono ilizunguka, kichwa cha dereva kilizunguka, na Kiroboto akaendelea mbele na shughuli zake kana kwamba hakuambiwa. Ukimshurutisha, ndipo aliposhtuka akajitupa upande mzima kwa kishindo. Na penye mzunguko mkubwa wa sokoni, wenye chemchemi isiyotoa maji na mabenchi manne ya watu wasio na haraka, ndipo tabia hiyo ilipomwaga mchuzi.

Mchuzi, ndiyo. Nitausema upesi maana ni aibu. Ilikuwa Jumapili, Mama Mkwe yuko kiti cha mbele, sufuria iko mapajani mwake, mkewe fundi yuko nyuma.

"Mkwe wangu, mbona hatukati kona?"

"Tunakata, mama."

"Hatukati."

Na kweli hawakukata. Kiroboto aliutazama ukingo wa barabara, akaupenda, akaufuata. Fundi akavuta usukani kwa nguvu zote alizopewa. Gari likageuka ghafla, na mchuzi ukaondoka sufuriani kwa pamoja, bila hata kipande kimoja kubaki kuomba radhi, ukamvaa Mama Mkwe tangu kifuani hadi kwenye viatu. Mama mkwe, jamani! Mama mzazi wa mkewe, ambaye mbele yake Fundi Pindo hata kukohoa hukohoa kwa ruhusa! Wasio na haraka wakasimama wote kutoka kwenye mabenchi, jambo ambalo sokoni pale halikuwahi kuonekana.

Jumatatu baraza likakaa sebuleni. Mama Mkwe, Malkia wa Majedwali, Mwenye Kalamu Nyekundu, alivaa nguo safi na sauti ya darasani, akanena:

"Sikiliza, mkwe wangu. Mimi si mtu wa kinyongo. Mtoto akikosea hesabu humpa nafasi ya kusahihisha, kisha humpa alama. Jumamosi saa nne kamili natoka kwenda mkutano wa walimu wastaafu, na nakwenda na mchuzi wangu. Utanipeleka kwa gari lilelile, kwa mzunguko uleule. Mchuzi utakuwa vidole vinne chini ya ukingo wa sufuria, bila mfuniko. Tone moja likitoka, siku hiyohiyo gari linaondoka hapa, analichukua shemeji yako. Na usije ukanitambaza! Mshale wa mwendo ukae kwenye thelathini. Kwa mwendo wa kutambaa hata toroli lina adabu."

"Nimesikia, mama," akajibu fundi. "Lakini kwenye kona mchuzi hauna budi kuinama."

"Mchuzi una haki ya kuinama," akasema Mama Mkwe. "Hauna haki ya kutoka."

Shemeji mwenyewe alikuwa hapo, amekaa kwenye mkono wa kochi. Huyu alikuwa kaka wa mkewe fundi, mwashi mrefu mwembamba, aliyekuwa akimmezea mate Kiroboto tangu siku ya kwanza. Aliuliza swali moja tu kwa sauti ya upole: kama redio ya gari inafanya kazi. Mkewe fundi, aliyekuwa nesi wa zahanati, mwenye mkono usiotetemeka, alimtazama mumewe kwa huruma.

"Mama ameshasema, mume wangu. Siwezi kubishana naye juu ya gari ilhali mguu wake bado unanuka kitunguu."

Hapo Simba wa Sindano akatoka kwenda uani, akapiga magoti mbele ya Kiroboto kwenye sakafu ya saruji, akamtazama miguu. Alitazama kama anavyomtazama mteja aliyeingia na koti la fundi mwingine. Na tazama! Tairi za mbele zilikuwa zimelika ukingo wa nje mpaka zikang'aa, ilhali ukingo wa ndani bado una meno yote. Vichwa vya tairi vilikuwa vimeinamia nje, na nyuso zake zimegeuziana ndani kama miguu ya mtoto aliyebanwa na haja. Fundi akasimama. Damu ikamchemka kwa furaha.

"Ewe Kiroboto!" akanguruma, mpaka jirani akafungua dirisha. "Wamekusingizia! Wamesema mbishi, wamesema kiburi, wamesema huna adabu! Kumbe hukuwa mbishi hata siku moja. Ulikatwa vibaya! Bega lako limekaa siko, mguu wako umeshonwa kinyume, na bado ulijaribu kunibeba! Naapa kwa mkasi wangu, nitakufumua, nitakupima, nitakushona upya!"

"Unaongea na nani?" akauliza mkewe kutoka jikoni.

"Na gari."

"Haya. Ukimaliza, chakula kipo."

Ijumaa alasiri, baada ya kumkabidhi bwana harusi wa mwisho suti yake, Fundi Pindo akafunika cherehani, akakusanya silaha. Enyi wasikilizaji, wengine huenda vitani na mizinga! Yeye alikwenda na jeki, spana tatu, nyundo, chaki ya kukatia, tepu yake ya shingoni, vifungo viwili vya koti, stuli nne kutoka chumba cha kazi, na uzi mweupe namba arobaini. Kilichopungua kilikuwa timazi, na timazi alikuwa nayo adui.

Shemeji akaja nayo mfukoni, ile kamba yake yenye risasi nzito nchani, inayoning'inia wima pasipo kumpendelea mtu.

"Nakuazima kwa heshima ya timazi," akasema. "Sikuazimi kwa heshima yako."

"Nashukuru, shemeji. Sasa ingia ndani ukae kwenye kiti cha dereva."

"Mimi? Kufanya nini?"

"Kuwa mimi. Gari likipimwa tupu linadanganya. Lazima libebe uzito wa mtu wake. Nguo nayo hupimwa mwilini, haipimwi kwenye hanga."

Shemeji akaingia kwa haraka isiyo ya kawaida kwa mwashi. Kwa kuwa alikuwa mwembamba kuliko fundi, akapakatishwa majora mawili ya kitambaa cha suti ili uzani ukamilike. Akakaa humo, amekumbatia vitambaa, anazungushazungusha vioo kujitafutia mkao, na midomo yake inatoa mlio wa injini. Fundi alimwona. Akameza mate, akainamia kazi.

Vita vya kwanza vilikuwa vya mlalo. Ndani kabisa, mahali ambapo shokomzoba hushikana na kitovu cha gurudumu, pamekaa boliti mbili kila upande, na ukizilegeza, tairi hukubali kusukumwa kichwa chake ndani au nje. Boliti tatu zilisalimu amri kwa heshima. Ya nne, loo! Ilikuwa mkongwe wa kutu, imejikunja ndani ya ngome yake tangu enzi ya bwana wa kwanza wa Kiroboto, na ilipoona spana haikutikisika. Fundi akavuta. Akavuta kwa magoti. Akavuta kwa mgongo, mguu mmoja ukutani. Ndipo akaihutubia.

"Boliti, nakuheshimu kwa umri wako! Lakini tambua ni nani amekuja. Mimi ndiye niliyeingiza sindano katika tabaka saba za turubai. Mimi ndiye niliyemvika suti mtu wa kilo mia na arobaini, na vifungo vikafunga! Utatoka kwa hiari, au utatoka kwa nyundo?"

Ilitoka kwa nyundo. Mlio wake ulipasua alasiri, kuku wa jirani wakakimbia, na shemeji akaacha kuendesha kwa muda. Kisha fundi akavisukuma vichwa vya tairi vikainamia ndani, akateremsha timazi kutoka ukingo wa juu, akapima nafasi iliyobaki kwa vifungo viwili vya koti vilivyopandana, akakaza. Akashusha jeki. Akalisukuma gari mbele hatua tatu na nyuma hatua tatu, shemeji akiwa ndani kama bwana mkubwa, ili miguu ikae ilipotaka kukaa. Akapima tena. Vifungo viwili, si zaidi, si pungufu. Moyo ukamruka.

Vita vya pili vilikuwa vya nyuso. Akapanga stuli nne kwenye pembe nne, akavuta uzi mweupe ubavuni mwa gari kutoka nyuma hadi mbele, mmoja kila upande, umekazwa mpaka ukigusa unalia. Kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa nyuma wa rimu akapata inchi mbili. Hivyo ukingo wa mbele nao sharti uwe inchi mbili, ili tairi itazame mbele kabisa, isikonyeze ndani wala nje. Akaandika kwa chaki sakafuni, kama anavyoandika vipimo vya mteja. Akalala chini, akaishika fimbo nyembamba ya chuma inayoipa tairi amri za usukani, akazungusha nati yake kidogo kidogo, akitoka, akipima, akirudi, akiimba. Upande wa kwanza ukaisha, upande wa pili ukaisha. Alipoinuka jua lilikuwa linazama, uso wake wote ni grisi, na meno yake yanang'aa.

"Kesho," akatangaza, "barabara itaniita baba!"

Kesho ikafika, na barabara haikumwita baba.

Saa moja asubuhi alimtoa Kiroboto kwa majaribio, peke yake, suruali imepigwa pasi. Hakufika mbali. Gari lilipoanza tu kutembea, tena kwenye barabara iliyonyooka, tairi zikalia. Zililia kwa sauti ya ndala mpya kwenye sakafu yenye maji, na zikazidi kulia. Usukani ukawa mzito. Kwenye kona ya kwanza Kiroboto alikataa kuliko alivyowahi kukataa, akaenda pembeni mpaka muuza magazeti akaruka mtaro. Fundi akarudi nyumbani polepole, huku kila aliyekuwa akipiga mswaki barazani akigeuka kutazama ni nani anayechinjwa.

Shemeji alikuwa amekwisha fika. Alisimama uani amevaa miwani ya jua, nalo jua lenyewe lilikuwa halijapanda.

"Pole, shemeji," akasema, na mnafiki yule alijitahidi sana kuuzuia mdomo usitabasamu. "Mimi nitalilea vizuri. Utakuja kulisalimia."

Fundi Pindo alimpita. Aliingia chumba cha kazi, akaketi mbele ya cherehani, miguu ikaenda yenyewe kwenye pedali. Hakukuwa na nguo chini ya sindano. Alikanyaga tu. Waungwana, nimewachekesha hadi hapa, lakini hapa sichekeshi: alihuzunika, tena sana. Aliliona lile dirisha na ile barabara, akahesabu miaka ishirini na miwili mingine.

Mkewe alikuja na chai. Alipomwona hivyo, aliweka kikombe dirishani, akaenda uani, akasimama mbele ya yale maandishi ya chaki sakafuni. Nesi hupita mbele ya namba akazisoma, hawezi kujizuia. Ndiyo kazi yake.

"Mume wangu!" akaita. "Njoo hapa. Kutoka kwenye uzi hadi nyuma ya tairi ulipata ngapi?"

"Inchi mbili," sauti ikatoka ndani.

"Na mbele ilitakiwa iwe ngapi?"

"Mbili vilevile."

"Basi mbona hapa umeandika mbili na nusu?"

Pedali ikasimama. Fundi Pindo akatokea mlangoni, tepu shingoni, macho yamemtoka.

"Si ya mshono?" akasema.

"Mshono wa wapi?"

"Ya... ya mshono. Kila kipimo unaacha nusu inchi ya..." Akatazama chini. Akatazama upande wa pili wa gari. Huko nako: mbili na nusu. "Mke wangu," akasema kwa sauti ndogo, "nimeliachia gari akiba ya mshono."

Mungu wangu! Kwa miaka ishirini na miwili mkono ule haukuwahi kuandika kipimo bila kuongeza nusu inchi ya kushonea, na jana yake, kichwa kilipokuwa kinaimba, mkono ulifanya ulichozoea, na nati zikaufuata mkono. Mkewe akaegemea boneti. Mabega yakaanza kumtikisika. Akacheka mpaka akakaa chini kwenye saruji na sare yake nyeupe ya zahanati.

"Mimi nikimwachia mgonjwa nusu ya akiba kwenye sindano," akasema, akifuta machozi, "tunamzika jioni! Jamani huyu mtu! Hata birika akilijaza anaacha nusu inchi! Hata kituoni anafika nusu saa kabla!"

Alipomaliza kucheka alibaki chini akimtazama. "Ningenyamaza, saa nne ingefika, gari lingeondoka, na mama angeridhika. Sikuweza. Mimi ndiye ninayekuona unavyokanyaga pale ndani bila nguo chini ya sindano. Haya, saa mbili na robo hii. Usinitazame mimi, shika spana."

Na historia iandike kwamba saa mbili na robo Simba aliamka! Stuli zilirudi kwenye pembe nne, uzi ukavutwa, na safari hii aliyeishika tepu ni nesi, akisoma namba kwa sauti kama anayesoma dozi, huku fundi chini ya gari akizungusha nati, na shemeji, akinung'unika, amerudishwa kitini na majora yake mapajani.

"Mbili na robo," akasoma nesi. "Zungusha. Mbili na kidogo. Zungusha. Pole pole! Mbili."

"Mbili na ngapi?"

"Mbili, baba. Mbili na hakuna."

Ilimuuma, msidhani haikumuuma. Kukaza nati kwenye kipimo kisicho na akiba kulikuwa kwake kama kutoka nyumbani bila shati. Lakini alifumba macho, akakaza.

Saa nne kamili Mama Mkwe alikuwa langoni na sufuria. Alipima vidole vinne chini ya ukingo mbele ya mashahidi, akaingia kiti cha mbele, akafunga mkanda, akatandika taulo tatu juu ya nguo. Nesi na shemeji wakaingia nyuma. Mlango ukabembelezwa, ukafungika.

Wakatoka. Barabara iliyonyooka ilipita kimya, hakuna kilio, hakuna ndala. Mama Mkwe hakuutazama mtaa. Alitazama mchuzi na mshale, mshale na mchuzi. Mzunguko wa sokoni ukatokea mbele na chemchemi yake kavu, na kwenye mabenchi wasio na haraka, waliolitambua gari, wakainua miguu yao juu.

"Thelathini," akasema Mama Mkwe.

"Thelathini, mama," akasema fundi, jasho likimtiririka nyuma ya masikio, na akageuza usukani.

Kiroboto akageuka.

Akageuka, enyi watu! Aligeuka alipoambiwa, kwa kiasi alichoambiwa, pua yake ikaingia kwenye mzunguko kwa utulivu, tairi zikauma lami kwa upana wake wote. Mchuzi ukapanda ubavuni mwa sufuria, ukapanda kidole kimoja, ukapanda cha pili, mnofu mmoja ukachungulia nje, na ukabaki hapo, umeinama kwa heshima zote, ukitetemeka, usitoke. Chemchemi ikapita. Benchi la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Njia ya kwenda kwenye mkutano ikafunguka mbele yao, na fundi akaanza kunyoosha usukani.

"Usitoke," akasema Mama Mkwe.

"Mama?"

"Nimesema usitoke. Zunguka tena."

"Mama, mkutano..."

"Hesabu moja haithibitishi kitu. Zunguka!"

Akazunguka. Mchuzi ukainama. Mama Mkwe akaegemea ndani pamoja na gari, kilemba kikamwendea upande, na kooni mwake pakatoka sauti ambayo wanafunzi wake wa miaka thelathini na saba hawakuwahi kuisikia. Ilikuwa kicheko. "Tena!" akasema. Mara ya tatu nesi alipiga kelele na kumpiga mumewe begani. Mara ya nne wasio na haraka walisimama wakaanza kuhesabu kwa sauti. Mara ya tano Mama Mkwe aliwapungia mkono ulio huru. Mara ya sita shemeji, aliyegeuka kijani kwa kizunguzungu, aliomba kurudishwa ardhini. Mara ya saba soko zima lilisema "Saba!", na muuza vitunguu akatupa kitunguu hewani akasahau kukidaka.

Walifika kwenye mkutano wakiwa wamechelewa robo saa. Sufuria ilishuka kama ilivyopanda. Taulo tatu zikakaguliwa pande zote mbili, zikaonekana kavu. Shemeji alishuka akashika ukuta, mikono miwili, kama anayeupima.

"Shemeji," akasema alipopata pumzi, "yamekwisha, gari ni lako. Ila toroli langu nalo huvuta upande mmoja. Ungeweza kulipima?"

Mama Mkwe alirekebisha kilemba. Akafungua mkoba, akatoa kalamu nyekundu, akaivuta tepu shingoni mwa mkwe wake, na kwenye ncha yake akaandika, kwa ule mwandiko wa ubaoni: tisa juu ya kumi.

Fundi Pindo akaisoma. Akaisoma tena.

"Mama, nashukuru sana. Na ile moja?"

"Hiyo," akasema Mama Mkwe, akibeba sufuria yake, "nimeiacha ya mshono." Akapiga hatua mbili, akageuka. "Na leo umefika sokoni, mkwe wangu. Mara saba."

Basi enyi waandishi wa historia, mlioandika kuta zilizobomolewa na milki zilizoanguka, chomoeni kalamu! Andikeni kwamba palikuwa na Jumamosi, na siku hiyo mtu mmoja aliondoa nusu inchi kila upande, na dunia ikakata kona. Andikeni kwa wino usiofutika, na msiongeze kitu pembeni.

Na Jumatatu, saa mbili asubuhi, Simba wa Sindano alifunua cherehani, akaketi mbele ya dirisha lilelile, akaweka kola ya shati chini ya sindano, akakanyaga. Sindano ilipofika penye mzunguko wa kola, mwili wake wote uliinama taratibu upande wa ndani, na mguu ukaongeza. Akazunguka kola, akatoka, akairudia mara ya pili. Mkewe, akipita kwenda zahanati, alisimama mlangoni akamtazama kwa muda.

"Baba," akasema, "punguza mwendo."